Kilo 15 au Kilo 50: Hesabu ya Nyama, Maharage na Dagaa

Kwa miaka kadhaa hotuba za bajeti za wizara inayoshughulikia mifugo Tanzania zimekuwa zikirudia takwimu moja: Mtanzania anakula wastani wa kilo 15 za nyama kwa mwaka, ilhali kiwango kinachotajwa kuwa pendekezo la Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, ni kilo 50. Msikilizaji anabaki na picha moja kichwani: tuko nyuma, na kazi iliyo mbele ni kupanda kutoka 15 hadi 50.

Hebu tuigawe hiyo 50 kwa siku 365. Inatoka gramu 137 kwa siku kwa kila mtu, kuanzia kichanga hadi kikongwe. Kwa wiki ni gramu 960, karibu kilo nzima. Mwaka 2019 tume ya EAT-Lancet, iliyokusanya wanasayansi 37 kutoka nchi 16 chini ya Walter Willett na Johan Rockström, ilichapisha mlo ambao kwa maoni yao unailinda afya ya binadamu bila kuichosha dunia. Nyama nyekundu walipanga gramu 14 kwa siku, kuku gramu 29. Jumla gramu 43. Zizidishe kwa 365 upate kilo 15.7 kwa mwaka.

Kilo zilezile tunazoambiwa ni dalili ya kubaki nyuma ndizo tume hiyo inaziona zinatosha. Naamini lengo la kilo 50 halifai kuwa lengo la taifa. Ila sitamwambia mtu kwamba kilo 15 zetu ziko salama, kwa sababu wastani unajumlisha mtu anayeagiza mbuzi wa kuchoma kila Ijumaa na mtoto wa miaka miwili ambaye hajaonja kipande tangu Iddi au Krismasi iliyopita.

Tuanze na afya. Oktoba 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka nyama za kusindikwa, yaani soseji, bekoni na nyama za makopo, katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Nyama nyekundu ikawekwa katika kundi la vitu vinavyoelekea kuisababisha. Gramu 50 za nyama ya kusindikwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Namba hiyo imetisha watu wengi, kwa hiyo tuifungue. Tuseme kati ya watu 100 wasiokula soseji, watano wangepata saratani hiyo maishani mwao. Kati ya 100 wanaokula kiasi hicho kila siku wangekuwa karibu sita. Kwa mtu mmoja nyongeza ni ndogo, kwa mji wa mamilioni si ndogo hata kidogo. Gramu 50 nazo si nyingi: soseji mbili za smokie za kwenye toroli la Nairobi, zilizopasuliwa na kujazwa kachumbari, zinakuvusha hapo kabla hujafika kazini.

Kwa nyama nyekundu isiyosindikwa, Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani unashauri mtu asipite gramu 350 hadi 500 kwa wiki, zikiwa zimepikwa. Kiwango hiki ni kikubwa kuliko cha tume ya 2019, kwa kuwa mfuko unaangalia saratani na tume iliangalia na mazingira pia. Hata hivyo, gramu 960 za mbichi kwa wiki, zikiwa nyingi ni za ng'ombe na mbuzi, zinavuka au zinagusa ukomo huo.

Na wasiokula nyama kabisa? Ushahidi mzuri unatoka kwa Wasabato. Wasomaji wa Upare na Mara wanalijua kanisa hili vizuri, maana wamisionari wake walifika Giti, Upareni, mwaka 1903, na mafundisho yake ya afya yamewafanya baadhi ya waumini waache nyama. Nchini Marekani na Kanada Wasabato wamekuwa wakifuatiliwa na watafiti tangu 2002. Katika matokeo yaliyochapishwa 2013 kuhusu watu 73,308, wale waliokula mlo wa mboga walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 12 kuliko wala nyama katika kipindi cha utafiti. Waliokula mboga pamoja na samaki walikuwa na nafuu kubwa zaidi, asilimia 19.

Uingereza, utafiti wa EPIC-Oxford uliwafuatilia watu 48,188 kwa miaka 18. Wala mboga walipata ugonjwa wa moyo kwa asilimia 22 pungufu, lakini kiharusi kiliwapata kwa asilimia 20 zaidi. Ukizigeuza kuwa vichwa vya watu, katika kila 1,000 kwa miaka kumi ni wagonjwa 10 pungufu wa moyo na watatu zaidi wa kiharusi. Faida ipo, na ina gharama yake.

Jambo moja husahaulika kila mjadala huu unapoanza. Hao waliolinganishwa na wala mboga ni watu wa nchi ambako nyama iko mezani karibu kila siku. Mmarekani wa kawaida anapita kilo 100 kwa mwaka. Kumpunguzia huyo nyama ni kama kumpunguzia chumvi mtu aliyekwisha kumwaga pakiti nzima kwenye sufuria. Shida yetu kubwa iko upande mwingine wa sahani. Uchunguzi wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulikuta kwamba watu 97 kati ya 100 hawafikishi migawo mitano ya matunda na mboga kwa siku, na mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu. Chipsi kavu, chapati mbili na soda havina nyama hata chembe, na hakuna daktari atakayekuandikia mlo huo.

Kisha kuna wale wanaokosa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 42 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hapa ndipo nyama inaposimama na kudai haki yake, na nadhani mtu anayewahimiza watu wote waiache hajaziangalia namba hizi. Madini ya chuma yaliyomo kwenye nyama hufyonzwa na mwili kwa asilimia 15 hadi 35. Yale ya kwenye maharage na mchicha hufyonzwa kwa asilimia 2 hadi 20, kutegemea umekula na nini. Ndimu au chungwa pembeni hupandisha kiwango. Kikombe cha chai ya rangi kinachoshushia ugali maharage hukipunguza, na wengi wetu hunywa chai hiyo palepale mezani. Vitamini B12 ndiyo haina mjadala: haipatikani kwenye mmea wowote kwa kiasi cha kutegemewa, na mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku. Anayeacha nyama, maziwa, mayai na samaki vyote kwa pamoja lazima anywe vidonge au ale vyakula vilivyoongezewa.

Kuna utafiti wa hapahapa Afrika Mashariki ambao ningependa kila anayepanga chakula cha shule ausome. Kati ya 1998 na 2000, kikosi kilichoongozwa na Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kilichukua shule 12 za Embu, Kenya, na watoto wa darasa la kwanza. Wote waliopewa chakula walipewa githeri. Kundi moja likaongezewa nyama ya kusaga, jingine maziwa, jingine mafuta ya kupikia, na kundi la nne halikupewa chakula. Sahani zilipangwa ziwe na nishati inayokaribiana, ili kinachopimwa kiwe nyama yenyewe na si shibe. Waliopata nyama waliwapita wenzao kwenye mtihani wa kufikiri na kupambanua maumbo, na misuli yao ilikua zaidi. Waliopata nyama au maziwa, B12 yao ilipanda. Kiasi cha nyama kilikuwa kidogo tu, kama gramu 60 kwa mlo.

Linganisha gramu 60 hizo na meza ya baa Jumamosi jioni. Mteja anasema "niwekee nusu", mchomaji anaitoa nyama jikoni, anaikatakata juu ya ubao uliokwisha kuliwa katikati kwa visu, anaitandaza na kachumbari, ndizi mbili za kuchoma, rundo la chumvi na la pilipili pembeni. Ukitoa mifupa, tuseme inabaki gramu 350. Kwa kipimo cha tume ya 2019 mtu mmoja amemaliza nyama nyekundu ya wiki tatu na nusu. Kwa kipimo cha Embu amekula milo karibu sita ya mtoto wa shule. Simchukii mteja huyu, na nyama ya mbuzi iliyochomwa vizuri ni kitu kitamu kweli. Ninachosema ni kwamba wastani wa kilo 15 unapokwenda kwenye 20 au 30, nyongeza hiyo itatua kwenye ubao ule na si kwenye bakuli la mtoto, kama hakuna anayefuatilia inakoenda.

Sasa bei. Nitatumia shilingi 12,000 kwa kilo ya nyama ya ng'ombe ya steki, 3,500 kwa kilo ya maharage na 10,000 kwa kilo ya dagaa wakavu wa Mwanza. Weka bei za soko lako, mpangilio hautabadilika sana. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji protini gramu 50 hivi kwa siku. Steki ina protini kama gramu 20 katika kila gramu 100, kwa hiyo anahitaji robo kilo, shilingi 3,000. Maharage makavu yana gramu 22 hivi. Tukifuata mizani tupu ni gramu 227, shilingi 800. Lakini protini ya maharage peke yake haijakamilika na haimeng'enywi yote, basi tuongeze hadi gramu 300. Ni shilingi 1,050. Bahati njema ni kwamba upungufu wa maharage unajazwa na mahindi na wa mahindi unajazwa na maharage. Bibi zetu waliopika makande walikuwa na jibu zamani, ingawa hawakuwa na mizani ya maabara.

Dagaa ndio waliobadilisha mawazo yangu. Wakikauka wana protini karibu gramu 60 katika kila gramu 100. Gramu 83 zinatosha kwa siku nzima, na gharama yake ni shilingi 830. Yaani dagaa wanashindana na maharage kwa bei, huku wakibeba chuma, B12, na kalsiamu iliyo kwenye mifupa tunayoitafuna pamoja na nyama yake. Mukene wa Uganda, omena wa Kisumu, dagaa wa Mwanza ni samaki mmoja wa ziwa moja. Wasipojaa mchanga wa mwaloni, wakianikwa kwenye chanja badala ya chini, sijui chakula kingine cha wanyama kinachompa mtoto wa Kitanzania vitu vingi hivyo kwa shilingi chache hivyo.

Tugeukie ardhi na hewa. Mwaka 2018 Joseph Poore na Thomas Nemecek walichapisha hesabu iliyokusanya mashamba karibu 38,700 kutoka nchi 119. Kwa kila gramu 100 za protini, ng'ombe wa nyama hutoa wastani wa kilo 50 za gesijoto zikipimwa kama hewa ukaa. Kuku ni 5.7, mayai 4.2, jamii ya kunde 0.8. Kwa ardhi, ng'ombe wa nyama anataka mita za mraba 164 kwa gramu hizo 100, kunde na jamaa zake mita 7 hivi. Duniani kote mifugo inachukua asilimia 83 ya ardhi ya kilimo na kurudisha asilimia 18 ya nishati tunayokula na 37 ya protini.

Hizo ni namba za dunia. Ng'ombe wa Shinyanga au Simanjiro hali soya iliyolimwa kwenye msitu uliokatwa Brazili. Anakula nyasi mahali ambapo mvua ni chache na mahindi hukauka kabla ya kubeba, na yeye ni plau, mbolea, maziwa, mahari na akiba ya ada ya shule. Lakini tumbo lake linatoa methani, na hapo asili haimsaidii. Mwongozo wa IPCC wa mwaka 2006 unamkadiria ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa kuwa anatoa methani kilo 31 kwa mwaka, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 inapasha joto takriban mara 28 ya hewa ukaa. Chukua dume la asili linalochinjwa likiwa na miaka mitano na kutoa nyama kilo 120. Mitano mara 31 ni 155, mara 28 ni kilo 4,340 za hewa ukaa. Gawanya kwa 120: kilo 36 kwa kila kilo ya nyama, hata kabla ya kumhesabu mama yake. Ni hesabu ya juu juu, maana ndama hutoa pungufu, lakini inaonyesha kitu muhimu. Dume hilohilo likinenepeshwa vizuri na kufikisha kilo 120 likiwa na miaka mitatu, linashuka hadi kilo 22. Chanjo, josho na malisho bora ya kiangazi vinapunguza gesi kwa asilimia 40 bila mlaji yeyote kuacha kitu.

Sasa rudi kwenye lengo la 50. Sensa ya 2022 ilitupata watu milioni 61.7. Kutoka kilo 15 hadi 50 ni kilo 35 za nyongeza kwa kila mmoja, jumla tani milioni 2.16. Zote zikitoka kwa ng'ombe wa kilo 120, ni ng'ombe milioni 18 wa ziada kila mwaka, nusu ya kundi zima la taifa, ambalo kwa takwimu za wizara ni zaidi ya milioni 36. Hata tukisema theluthi mbili itakuwa kuku, bila kuhesabu samaki, bado ni ng'ombe milioni sita juu ya wanaochinjwa leo. Watachungwa wapi? Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi mwaka 1993. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa na mifugo yao kutoka bonde la Ihefu linaloulisha mto huo maji, ingawa mashamba ya mpunga nayo yalikuwa yanayachota maji yaleyale. Kilosa na Kiteto wakulima na wafugaji wameuana kwa ajili ya nyasi. Namba ya kilo 50 haijaandikwa pamoja na hekta zake.

Maharage nayo yana deni ambalo hesabu za Ulaya hazilioni. Nusu kilo ya maharage shambani ina hewa ukaa isiyofika kilo moja. Iweke jikoni bila kuloweka, ichemke saa mbili na nusu, na kilo moja ya mkaa imekwenda. Kilo ya mkaa ikiungua inatoa hewa ukaa kilo 3.3 hivi, na kama mti uliokatwa hauoti tena, hewa hiyo inabaki juu. Bado sijahesabu moshi wa tanuri la udongo, ambalo linakula kilo tano hadi kumi za magogo kutoa kilo moja ya mkaa. Kwa hiyo chini ya sufuria kuna gesi zaidi ya mara tatu ya iliyomo ndani yake. Kwa bei ya shilingi 1,000 kwa kilo, mkaa huo pia umezidi nusu ya bei ya maharage yenyewe, na hii ndiyo sababu mama wa mjini anakwambia maharage ni chakula cha gharama. Yuko sahihi.

Kuyaloweka usiku kucha kunapunguza muda wa moto karibu nusu. Jiko la umeme la presha linayaivisha kwa nusu yuniti ya umeme, takriban shilingi 180 kwa mteja wa kawaida, na hata umeme huo wote ukitoka kwenye gesi asilia, hewa ukaa yake ni robo kilo. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe na nishati hiyo ifikapo 2034. Mimi ningeuhesabu kuwa mkakati wa lishe pia, kwa sababu ndio utakaoamua kama maharage yatabaki kuwa rahisi.

Wizara ikiendelea kusoma wastani wa kilo kila Mei, ningeomba iongeze mstari mmoja: ni watoto wangapi wa miezi 6 hadi 23 ambao jana walikula nyama, samaki, yai au maziwa. Swali hilo huulizwa kwenye tafiti za kitaifa za afya, kwa hiyo jibu lake lipo la kusomwa.

Na kwa familia ya watu watano inayonunua kilo mbili za nyama kwa wiki, shilingi 24,000 hizohizo zinaweza kugawanywa hivi: kilo moja ya nyama, kilo mbili za maharage, nusu kilo ya dagaa. Protini inapanda kutoka gramu 400 hadi 940, na gesijoto za bidhaa zenyewe zinashuka karibu nusu. Kilo ile moja ni gramu 200 kwa kila mtu kwa wiki, karibu sawa na gramu 196 ambazo tume ya 2019 iliweka kuwa ukomo wa juu, mara mbili ya zile 14 za kila siku. Robo yake ikiwa maini, kipande kidogo kiende kwa mtoto na kwa mama anayenyonyesha kabla ya baba. Mjamzito asiyale kwa wingi, kwa sababu yamejaa vitamini A. Dagaa wa mtoto wasagwe na kuchanganywa kwenye uji au kwenye mboga, kijiko kimoja kila siku, na chai isubiri saa moja baada ya chakula.